Glasi ya Chai kwa Malkhaz

Hapa Zestaponi wanakuita kabla ya kumwita padri.
Harusi, ubatizo, arobaini ya marehemu,
wewe ndiye mkuu wa meza, Malkhaz,
wewe ndiye unayeinua pembe ya divai
na maneno yakakujia mbio kama mbwa wa nyumbani.
Umewaombea amani watu usiowajua majina.
Umewasifu maiti hadi wajane wao wakanong'onezana:
ni nani huyo anayesifiwa?

Halafu tunarudi nyumbani.
Unavua viatu mlangoni, kimoja, cha pili,
na ulimi nao unauvua.

Mwaka wa tatu huu tangu Eteri aende Bari
kumtunza bibi wa watu, kizee aliyesahau hata jina lake mwenyewe.
Jumapili simu ikilia unanipa mimi.
Nikikurudishia, unauliza, "Huko kunanyesha?"
Hapana baba, jua.
"Vizuri," unasema,
na unanipokeza simu kama sufuria ya moto.
Mtoto ana homa ya upweke, wewe unampima mvua.

Lakini mezani kwa Shalva, mwezi jana,
uliposema tunywe kwa ajili ya walio mbali,
ukataja mlango unaolala bila komeo,
ukataja kiatu cha mpira kilichobaki chini ya ngazi,
wanaume wazima walilia na mkate mdomoni.
Mimi nilikuwa jikoni na wanawake, natwanga vitunguu saumu.
Nikasikia kupitia ukutani
habari za nyumba yangu mwenyewe,
kama mtu aliyefungua barua ya jirani kwa makosa.
Nilikuchukia. Ndiyo, nasema.
Kwa dakika tatu hivi. Kisha bilinganya zikaungua.

Na mimi si malaika.
Ukiniuliza nina nini, nasema sina kitu,
halafu nafunga kabati kwa kishindo
ili kabati likuambie.
Nimekununia kwa mafumbo ya vyombo na nguo,
supu bila chumvi, shati bila kifungo,
nikingoja usome.
Nani alikufundisha kusoma vifungo?
Mama yangu alinuna miaka kumi na mmoja,
baba akafa akidhani mkewe anaumwa mgongo.

Jana usiku umeme ulikatika.
Ulikaa jikoni unakwangua rangi ya meza kwa ukucha.
Nikawasha mshumaa, nikamimina chai.
Si divai. Divai inakupa maneno ya watu wote,
mimi nilitaka yako.
Nikasimama. Glasi ikanitetemeka mkononi
kama mtoto wa shule aliyeitwa mbele ya darasa.
Nikasema, leo mkuu wa meza ni mimi.
Nanywa kwa ajili yako, Malkhaz,
na kwa ajili ya yote tunayoyameza.
Namwonea wivu yule bibi wa Bari
kwa sababu anachanwa nywele na mwanangu.
Nimesema. Zamu yako.

Uliitazama chai.
Nje treni ya mawe meusi kutoka Chiatura ilipita,
nikahesabu mabehewa ishirini na manne,
na bingwa wa Imereti nzima
akafungua mdomo, akaufunga.
Kisha, polepole, kama mtu anayejitoa mwiba:
"Naogopa nikimuuliza kama analia,
atasema ndiyo."

Basi.
Hakuna pembe iliyoinuliwa, hakuna aliyepiga makofi.
Hukuja kunikumbatia, wala sikukuomba.
Ulilisogeza bakuli la sukari upande wangu,
umesahau niliacha sukari tangu Pasaka.
Nikatia vijiko viwili.
Nikanywa.